Niwekee na ya kutolea

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 26, nina kibanda cha uwakala wa miamala ya simu karibu na stendi hapa Muheza. Napenda kuandika tangu nikiwa sekondari, nina daftari la mashairi na hadithi mbili ambazo sijazimaliza. Tatizo langu ni ilhamu. Nikisoma waandishi wengine naona wamesafiri, wamefungwa, wamepitia vita, wamependa wakaachwa. Mimi nafungua saa moja na nusu asubuhi, nafunga saa mbili usiku. Watu wanatuma, watu wanatoa, basi. Hata wateja ni wale wale. Kuna mzee mmoja kila Ijumaa baada ya swala anatuma elfu tano kwa namba ile ile, hadi namba nimeikariri. Siku zangu zinafanana. Ninyi mnaoandika kila siku mnapata wapi cha kuandika?"

Marahaba, mwanangu.

Swali lako nimelisoma mara mbili. Mara ya kwanza nililisoma kama msomaji wa kawaida, nikakuonea huruma kidogo. Mara ya pili nililisoma na kalamu mkononi, maana kuhariri hadithi za watu ndiyo kazi iliyonilisha kwa zaidi ya miaka ishirini, na hapo nikamwona mzee wako. Umempitisha katikati ya malalamiko kama abiria anayetupa ganda la chungwa nje ya dirisha la basi. Umemleta awe shahidi kwamba kwako hakuna kitu. Mimi nilipofika kwake niliacha kusoma, nikamfikiria yeye mpaka chai ikapoa.

Nitamrudia. Kwanza nina ugomvi mdogo na neno lako.

Ilhamu ni neno zuri, ila limekaa kama kitu kinachoshuka kutoka juu. Mtu anaketi, anatazama dari, anangoja. Ikishuka anaandika, isiposhuka anaenda kuosha vyombo. Nimefundisha watu kadhaa waliokuwa wakingoja hivyo na wengine wanangoja hadi leo. Mimi nina neno ninalolipenda zaidi, neno la mtaani kabisa: kisa. Kisa ni hadithi, hilo linajulikana. Lakini sikiliza tunavyolitumia tukiwa hatuna habari na fasihi. "Wamegombana, kisa kuku." "Kaacha kazi, kisa kaambiwa abadili shati." Hapo kisa kimekuwa sababu. Kiswahili kimeviweka vitu hivyo viwili ndani ya neno moja, na mimi sijawahi kupewa somo la uandishi lililo fupi kuliko hilo. Ukiona jambo dogo ambalo halijakaa sawa, ukajiuliza "kisa?", kazi umeshaianza.

Unasema siku zako zinafanana. Hiyo ndiyo mali yako. Mtu anayesafiri kila wiki huona kila kitu ni kigeni, hajui ashangae kipi. Wewe unayemhudumia mteja yule yule kila Ijumaa ndiye pekee utakayeshtuka siku akija Alhamisi.

Ngoja nikuonyeshe kwa jambo la dirishani, dirisha kama lako. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa Mbagala Rangi Tatu, nimepanga foleni kwa wakala, jua la saa nane. Mbele yangu alikuwepo kijana mmoja, ndala zimelika kisigino upande mmoja, mkononi ana noti mbili za elfu kumi. Akataja namba. Dada wa dirishani akasoma jina lililotokea. "Huyo huyo," kijana akasema, "ni mama." Dada akauliza bila kuinua macho: "Na ya kutolea?"

Hilo swali wewe unaliuliza mara hamsini kwa siku, kwa hiyo hulisikii tena. Kwa msomaji ambaye huko aliko mambo hayaendi hivyo: anayetuma akiongeza ya kutolea, anayepokea atachukua fedha kamili. Asipoongeza, makato yatamwangukia anayepokea. Ni hela ndogo, na ndiyo maana inauma.

Kijana akanyamaza. Akazitazama zile noti kama vile zitamjibu. "Hapana," akasema, "mama anajua mwenyewe." Akaondoka.

Ilipofika zamu yangu mtandao ukaanza kusumbua, ikabidi ningoje pale pale. Zikapita kama dakika kumi. Mara yule kijana akarudi. Hakupanga foleni. Alipenyeza mkono ubavuni mwangu akaweka mezani sarafu nne za mia tano. "Dada, ile namba ya mama. Weka na hii." Halafu akashusha sauti: "Asijue nimerudi." Dada akamwambia, "Meseji zitaingia mbili." Kijana akasema, "Basi sawa," kwa sauti ya mtu aliyekamatwa.

Ni hayo tu. Hakuna aliyefungwa, hakuna aliyeachwa.

Kwenye daladala nilitoa kijidaftari nikaandika tarehe, mahali, na maneno yao: mama anajua mwenyewe, asijue nimerudi, meseji zitaingia mbili. Sikuandika "kijana anampenda mama yake ila hana uwezo". Hiyo ingekuwa hukumu yangu, na hukumu ukiisoma baada ya mwaka haikurudishii kitu. Maneno yaliyotoka mdomoni mwa mtu, kwa mpangilio wake ule ule, hurudi na jua lake na harufu yake ya mihogo ya kukaanga.

Ilipita kama miezi minne ndipo nikakaa nayo. Kijana amerudi, kisa? Jibu la kwanza lililonijia: alikutana na rafiki, akakopa. Jibu la kivivu. Linaeleza hela zimetoka wapi, halielezi kilichomgeuza njiani. Jibu la pili: alikumbuka mama alivyomlea kwa tabu, machozi yakamlengalenga. Hilo nililiona ni la tamthilia za jioni, nikaliacha. La tatu nililipata kwa kuitembea ile njia kichwani. Ametoka dirishani, amekwenda hatua mia, amefika wapi? Pale Rangi Tatu ukitoka kwa mawakala unaangukia kwa mama ntilie. Kumbe alikwenda kula. Alikaa kwenye benchi, akaagiza wali maharage na soda, na alipotajiwa bei akagundua imeizidi ile hela aliyoinyima namba ya mama yake. Hakukumbuka wema wa mama wala nini. Alipiga hesabu. Aibu ilimjia kwa njia ya hesabu, kabla sahani haijafika.

Hapo nikajua nina hadithi, kwa sababu huyo mtu namfahamu. Huyo ni mimi mwaka ule nilipopanga chumba Buguruni, nikawa namwandikia baba barua kwamba mshahara haujatoka, na barua yenyewe naiandikia kwenye meza ya hoteli nikisubiri pilau. Jambo hilo nilikuwa nimelilaza miaka mingi. Sarafu nne za mia tano ndizo zilizoliamsha.

Kwa hiyo ukiniuliza tunapata wapi, jibu langu ni kwamba nusu ipo pale nje na nusu unayo tayari, na ile uliyo nayo mara nyingi ni kitu usichopenda kukisema. Usiponasa vya nje, vya ndani vitabaki vimelala. Na ukivinasa vya nje bila kuthubutu kugusa vya ndani, utapata habari ya gazeti.

Kuna jambo jingine kuhusu hayo maneno mawili, ya kutolea. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, Tanzania ikaja 2008. Maana yake "ya kutolea", kama maneno ya mapenzi, ya kinyongo, ya kupimana heshima, yana umri mdogo kuliko wewe. Mchumba akituma bila ya kutolea, mashoga wanakalia kikao. Shemeji akituma na ya kutolea kwa miezi mitatu mfululizo, sifa zake zinafika hadi kwenye misiba ambayo hakuhudhuria. Malenga wa zamani hawakuwa nayo hii. Walikuwa na barua, walikuwa na tarishi, walikuwa na kanga ya kumpelekea mtu ujumbe. Hii ni ya kizazi chako, na wanaoisikia kutwa nzima ni watu wa kazi yako. Mimi naisikia nikiwa kwenye foleni tu.

Au kumbuka Julai 2021, serikali ilipoweka tozo kwenye miamala ya simu, kabla ya kuzipunguza baadaye. Wachumi waliandika yao, magazeti yakaandika yao. Mimi nilichobaki nacho ni mzee mmoja aliyeambiwa makato mapya, akakunja noti zake na kusema, "Afadhali nipande basi nikampe mkononi, na nitamwona." Rudia kusoma mwisho wa hiyo sentensi. Na nitamwona. Miaka mingapi alikuwa hajamwona kwa sababu kutuma ni rahisi? Wewe mwaka ule kama ulikuwa dirishani, ulisikia mangapi ya namna hiyo, na umeandika mangapi?

Najua unachotaka kunijibu: hayo ni mambo madogo, waandishi wakubwa waliandika makubwa. Basi tuwaangalie hao wakubwa, tena tuanze na mtu wa mkoa wako. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909. Mwaka 1926 akaingia kazi ya ukarani wa forodha na akaifanya hadi 1944, halafu akaendelea na ukarani katika idara nyingine za serikali. Ni miaka mingi ya mihuri na orodha za mizigo. Sitakudanganya kwamba forodha ndiyo iliyomfanya kuwa mshairi. Ninachokwambia ni kwamba alikuwa na meza, na saa za kufungua na kufunga, kama wewe, na hakungoja aiache meza ndipo aandike.

Na huyo karani ndiye aliyeandika wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke aliyezaliwa Fumba, Unguja, kwenye familia ya wafinyanzi, akatembea akiuza vyungu kabla jina lake halijavuka bahari. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi. Sasa, alipoimba aliimba nini? Aliimba na mapenzi, ndiyo, lakini aliimba pia kesi za mahakamani, dhuluma, na minong'ono ya mitaa ya Ng'ambo, pale mjini Unguja. Wimbo wa Kijiti umetoka kwenye mauaji ya kweli ya mwanamke aliyetoka Bara kwenda kutembea Unguja. Watu walipousikia hawakuhitaji kuelezwa unahusu nini, maana walikuwa wameshalizungumza jambo hilo vibarazani. Siti alikuwa na dirisha lake, akasikiliza.

Nyuma zaidi yupo Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki 1840. Inasemwa kwamba alitoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Alitunga kuhusu vita vya Mazrui, watawala wa Mombasa, na Unguja, na pia kuhusu mapenzi, njaa na kejeli za mitaani. Hakuacha kitabu. Beti zake zilikaa vichwani mwa watu miongo kadhaa, hadi Mwalimu Sikujua alipozikusanya na Taylor, mmisionari Mwingereza, akaziandika. Najiuliza zingekaa vichwani muda wote huo kama zingekuwa zinahusu vitu ambavyo watu wa Mombasa hawavijui.

Haya, turudi kibandani.

Una daftari la miamala pale: jina, namba, kiasi, saini. Hilo usilichanganye na hili ninalokwambia, nitakueleza sababu. Nunua kijidaftari kidogo kinachoingia kwenye mkoba. Kila usiku, kabla hujapiga hesabu ya floti, yaani salio la kwenye simu, na keshi, andika mistari mitatu. Mitatu tu. Saa mbili usiku umechoka, ukijipangia ukurasa mzima utaandika siku nne halafu utaacha, nawajua watu wa namna hiyo, mmoja ndiye anayekuandikia. Sharti langu ni moja: mstari mmoja kati ya hiyo uwe maneno ya mtu kama alivyoyatamka, pamoja na makosa yake. Kama alisema "nirushie" andika nirushie. Kama ni Msambaa na Kiswahili chake kina lafudhi ya milimani, usimsahihishe. Mimi nimekuwa mhariri, najua jinsi mkono unavyowasha kusahihisha.

Ukipenda kuandika kwenye simu, andika. Mimi simu hunipeleka WhatsApp.

Utazame nini? Siwezi kukupa orodha, na mtu akikupa orodha utatazama orodha. Ila nikikaa kwenye kiti chako ningeanza na lile jina linalotokea kabla hujabonyeza kukubali. Mteja anasema anamtumia Mama fulani, jina linatoka la mwanaume. Wewe unalisoma kwa sauti, kwa sababu ndiyo kazi. Halafu kuna nusu dakika. Mmoja atasema "huyo huyo" haraka mno. Mwingine ataomba ulisome tena. Mwingine atasema "subiri kwanza", atatoka nje kupiga simu, na utamwona kupitia wavu akiongea huku ameipa stendi mgongo. Mara nyingi maelezo yake ni ya kawaida kabisa, laini ilisajiliwa kwa kitambulisho cha kaka mtu, yakaishia hapo. Lakini ile nusu dakika ni ya kweli hata kama maelezo ni ya kawaida. Andika nusu dakika.

Ningetazama pia hela zinakotoka. Noti iliyokunjwa mara nne ikawa ndogo kama kiberiti imetoka kwenye fundo la kanga, na mwenye nayo alilifungua fundo akiwa amekugeuzia ubavu. Noti zilizonyooka ni za mtu aliyetoka kulipwa leo. Sarafu nyingi zenye unga ni za muuza maandazi. Hujauliza mtu swali hata moja na tayari unajua nani ameamua kutuma leo asubuhi na nani amekuwa akiamua kwa wiki nzima.

Na msimu wa machungwa, kwenu Muheza! Vijana wanakimbia na nyavu za machungwa pembeni ya basi, abiria ameshapokea, anajipapasa mifuko, basi limetia gia. Abiria anapaza sauti dirishani: "Nipe namba, nakutumia!" Kijana anaitaja namba huku anakimbia, tarakimu kumi, na injini inanguruma. Halafu anakuja kwako kuuliza kama imeingia. Anakuja mara ngapi siku hiyo? Unamjibuje mara ya tatu? Mimi ningetoa mengi kupata hilo kwa mtu aliyeliona. Nikiliandika mimi litakuwa la kubuni, na msomaji wa Muheza atanikamata kwenye mstari wa pili kwa sababu nitakosea wavu unachukua machungwa mangapi.

Sasa sababu ya kutochanganya madaftari. Hapa nakuonya kwa kosa langu mwenyewe. Zamani nilichapisha hadithi kwenye gazeti fulani. Jirani yangu, chumba cha pili, alikuwa na ugomvi na wifi yake kuhusu cherehani, na ukuta wetu ulikuwa mwembamba. Niliandika vyote kama vilivyokuwa: cherehani, mlango wa buluu, hadi kovu lake la shavuni. Nikabadili jina tu, nikajiona mjanja. Mama yule hakuwa msomaji wa magazeti. Ila baada ya wiki mbili alinunua maandazi, na muuzaji akamfungia kwa ukurasa ule ule. Alikuja mlangoni kwangu na karatasi ina madoa ya mafuta, akaninyooshea. "Hiki ni chako," akasema. Miezi minane hakunisalimia, na bomba la maji lilikuwa moja.

Wewe hatari yako ni kubwa kuliko yangu. Mimi nilisikia kupitia ukuta. Wewe watu wanakupa wenyewe majina, namba na viasi, kwa sababu hawana njia nyingine ya kutuma. Hiyo ni amana. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata kabla ya sheria, Muheza ni mji mdogo. Kwa hiyo kwenye kijidaftari chako kusiingie namba ya mtu wala jina lake, hata kwa kifupi. Andika maneno, mikono, saa. Na ukifika kuandika hadithi, kumbuka watoto wanavyoitikia kwenye ngano zetu: "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Uongo umeitwa kwa jina lake, mbele ya wazee, na hakuna anayechukia. Utumie. Badili umri, badili jinsia, badili kazi, siku na kiasi, hamisha mji. Ubakishe kile kilichokugusa, basi. Yule kijana wa Rangi Tatu niliyekusimulia, kwenye hadithi niliyoichapisha ni msusi wa saluni, mwanamke, na anayemtumia ni bibi yake aliyeko Masasi. Nimekusimulia kama kijana ili uone kilivyoanza, na hata hapa nimebadili kitu kimoja ambacho sitakwambia. Zilizobaki ni meseji mbili.

Kwa bahati kubadili huko mara nyingi kunaipa hadithi nguvu kuliko ilivyokuwa. Nilipomfanya msusi, nikapata mikono iliyochoka ikihesabu sarafu, kitu ambacho kijana hakuwa nacho.

Zile hadithi zako mbili usizozimaliza sijaziona, lakini niruhusu nibahatishe. Zinaanzia Dar es Salaam au Ulaya, na mhusika ana gari. Nikikosea niandikie unisute. Nikipatia, ziache mahali zilipo, hazijaharibika. Siku moja utagundua yule mwenye gari anamtumia mtu hela Muheza.

Zitakuwepo pia siku kavu. Mistari mitatu itasema: mvua kutwa, mtandao ulikata saa nne, nimekula muhogo. Iandike hivyo hivyo ulale. Nina madaftari mazima ya mihogo.

Baada ya wiki sita hivi, chagua Jumapili moja ambayo hufungui, soma yote kwa mfululizo kama unasoma ya mtu mwingine. Usitafute mistari mizuri. Mistari mizuri inadanganya, mingi umeiandika ukiwa unajifurahisha. Tafuta ule uliokusumbua, uliotaka kuuruka. Chukua huo, uuulize kisa, uyatupe majibu mawili ya kwanza kama nilivyoyatupa mimi, ukae na la tatu hata kama linakuja polepole. Ukurasa mmoja unatosha kuanzia. Nimesoma riwaya nyingi zilizopaswa kuwa ukurasa mmoja.

Sasa mzee wako.

Kila Ijumaa, baada ya swala, elfu tano, namba ile ile. Wengi watasema ni sadaka. Hilo ni jibu la kwanza, kwa hiyo liweke pembeni. Wengine watasema ana mke wa siri, na hilo ni la pili. Mimi nina maswali madogo madogo ambayo hukuyagusa kwenye barua. Namba anaitaja kwa kichwa, au anatoa kikaratasi? Kama ni kikaratasi, kimeandikwa kwa mwandiko wake? Huwa anaweka na ya kutolea? Bei za vitu zimepanda miaka yote hii na yeye amebaki kwenye elfu tano, kwa hiyo kuna siku hiyo elfu tano ilikuwa hela ya maana: ilikuwa hela ya nini? Meseji ikiingia huwa anaisoma, au anakuomba wewe umsomee?

Na kuna moja lililonifanya nisahau chai. Namba umeshaikariri. Yeye anajua umeikariri. Angeweza kusema "ile ile", ukaweka, akaenda zake. Lakini kila Ijumaa jina linatokea na wewe unalisoma kwa sauti, kwa sababu ndiyo kazi. Jina hilo usinitajie. Ijumaa hii akija mhudumie kama siku zote, usimwulize anamtumia nani, usiulize hata kwa utani. Usiku ule, mstari wa kwanza kati ya mitatu uwe uso wake wakati unalisoma.